Mhunzi wa farasi na msalaba alionyang'anywa

Nikishika medali ya zamani ya Uingereza, naigeuza kwanza. Sura ya malkia au mfalme nyingi zinayo. Ninachotafuta ni cheo, jina na kikosi cha aliyeivaa. Nikikuta cheo cha mhunzi wa farasi, sina haraka tena.

Wengi hudhani mhunzi alibaki nyuma na nyundo yake. Sivyo. Alipigilia viatu vya chuma kwenye kwato, akauguza vidonda vya farasi, na vita vikianza naye alipanda na upanga wake. Alikuwa pia na shoka lenye ncha upande mmoja. Kwa ncha alimmaliza farasi asiyepona, kwa makali akamkata ukwato. Namba ya farasi ilichomwa kwenye ukwato huo, basi aliurudisha kikosini kuthibitisha kwamba mnyama amekufa, hakuuzwa. Jeshi lilihesabu mali yake hivyo.

Michael Murphy, mzaliwa wa Cahir huko Tipperary, Ireland, alikuwa mhunzi wa batalioni ya pili ya Military Train. Hicho kilikuwa kikosi cha uchukuzi, lakini katika vita vya maasi ya India kilipigana kama askari wapanda farasi. Tarehe 15 Aprili 1858, karibu na Azimgarh, kaskazini mwa India, walikuwa wakiwafukuza wapiganaji wa Kunwar Singh, mmoja wa viongozi wa maasi hayo. Luteni Hamilton wa 3rd Sikh Cavalry, kikosi cha wapanda farasi upande wa Waingereza, akaangushwa na kuzingirwa. Murphy akawakata kadhaa waliomzunguka, akajeruhiwa vibaya, na hakuondoka ubavuni mwake hadi msaada ulipofika. Akapewa Victoria Cross, msalaba ambao ndio medali ya juu kabisa ya ushujaa vitani ya Uingereza, mwaka 1859. Askari mwenzake, Samuel Morley, alisimama palepale naye akasahauliwa. Ilibidi alalamike ndipo akapata msalaba wake mwaka 1860.

Mwaka 1872 Murphy, sasa akiwa katika kikosi cha wapanda farasi cha 7th Hussars, alipatikana na hatia ya kuiba oti na nyasi kavu, chakula cha farasi. Akafungwa. Kanuni ya 1856 ya Victoria Cross iliruhusu msalaba kufutwa kwa kosa la aibu, basi jina lake likaondolewa kwenye orodha, na pensheni yake ya pauni 10 kwa mwaka iliyotokana na msalaba ikakatwa pia. Kifungo nakielewa. Kufuta naona ilikuwa dhuluma, kwa sababu wizi wa 1872 hauwezi kumtoa mtu ubavuni mwa Hamilton mwaka 1858. Mfalme George V aliona hivyo pia: mwaka 1920 katibu wake aliandika kwamba hata mwenye msalaba akihukumiwa kunyongwa, auvae hadi kwenye kitanzi.

Murphy hakuyasikia hayo. Alifariki 1893 akazikwa Darlington, kaskazini mwa Uingereza. Msalaba wake unahifadhiwa na makumbusho ya Royal Logistic Corps, warithi wa ile Military Train.