Mafunzo ya mawimbi ya ubongo si mbadala wa dawa za kifafa: maswali na majibu

Nafanya kazi katika kliniki ya kifafa na afya ya akili. Tangu matangazo ya mashine na mikanda ya kichwani yalipoanza kuwafikia wazazi kwenye simu zao, maswali haya naulizwa mara kwa mara. Mengine nimeyajibu kwa ufupi. Pale ninapoona watoto wanaumia, nimerudia jibu lilelile makusudi.

Mawimbi ya ubongo ni nini?

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Seli nyingi zikifanya kazi kwa pamoja, umeme huo hunaswa na visahani vidogo vya chuma vinavyobandikwa kwenye ngozi ya kichwa. Daktari Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliunasa kwa binadamu mwaka 1924 na kuchapisha kazi yake mwaka 1929. Kipimo hicho ndicho tunachokiita EEG hadi leo. Mawimbi hupangwa kwa kasi yake: delta, chini ya 4 kwa sekunde, hutawala usingizi mzito, theta, 4 hadi 8, mtu akisinzia, alfa, 8 hadi 13, akiwa ametulia na kufumba macho, beta, 13 hadi 30, akiwa macho na kufikiri. Hakuna wimbi lililo baya lenyewe. Anayekuuzia kipindi cha "kuondoa theta mbaya" muulize mwanao atasinziaje.

Na nyurofidibaki ni nini?

Ni mafunzo ya mawimbi hayo. Mtoto huketi mbele ya skrini, visahani vikiwa vimebandikwa kichwani kwa jeli na kingine kimebanwa sikioni. Kompyuta husoma mawimbi na kumjibu papo hapo: yakiwa kwenye kiwango kilichowekwa, gari la kwenye mchezo linakwenda, yakitoka, gari linasimama. Kwa kawaida vipindi ni 20 hadi 40, kila kimoja karibu nusu saa, mara mbili au tatu kwa wiki. Mashine haiingizi umeme kichwani, inasoma tu. Madhara yake ya moja kwa moja ni madogo: kuumwa kichwa, uchovu, hasira za muda. Ninachokihofia mimi ni kile ambacho mzazi anaacha kukifanya baada ya kulipia vipindi.

Inatibu kifafa?

Hapana. Najua hoja hiyo ilikotoka. Miaka ya 1960, Barry Sterman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliwafundisha paka kuongeza wimbi fulani la ubongo, kisha akaona kwamba paka hao walichelewa kupata mshtuko wa kifafa walipopewa kemikali ya mafuta ya roketi. Mwaka 1972 akachapisha habari za mgonjwa wa kifafa aliyefunzwa kwa njia hiyo. Tafiti zilizofuata zilihusu watu wachache, wengi wao wakiwa ni wale ambao kifafa chao kimegoma kusikia dawa. Kutoka hapo hadi kumwambia mama mwenye mtoto anayeendelea vizuri na dawa kwamba sasa hazihitaji ni mbali mno.

Dawa, kwa upande mwingine, tunazijua. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Fenobabitoni na kabamazepini si dawa za kifahari, lakini zinafanya kazi zikimezwa kila siku.

Mtoto amefanya vipindi kadhaa na hajaanguka mwezi mzima. Nipunguze dawa?

Hapana, mama. Dawa ndizo zinazomshikilia. Mwezi bila kuanguka ni ishara kwamba dawa zinafanya kazi. Haina maana kwamba ugonjwa umekwisha.

Nikipunguza nusu tu?

Hapana.

Wahudumu wa kituo cha mafunzo hayo ndio walioniambia niache.

Basi rudi kwa daktari aliyeziandika kabla hujaruka hata dozi moja. Uamuzi wa kuacha dawa za kifafa hufikiriwa baada ya mtoto kukaa takriban miaka miwili bila mshtuko wowote, na hata hapo zinapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, daktari akifuatilia. Ukizikata ghafla, hasa fenobabitoni, ubongo uliokuwa umezizoea unaweza kulipuka kwa mshtuko mmoja unaofuata mwingine bila mtoto kuzinduka katikati. Hali hiyo huua, na anayenusurika anaweza kubaki na ubongo ulioharibika. Watoto wa namna hii tunaletewa usiku, na kila mara mzazi anasema dawa ziliachwa "wiki moja tu". Mtu yeyote anayekuambia uache dawa za kifafa bila daktari, awe na mashine, mafuta ya upako au mizizi, anahatarisha maisha ya mwanao. Vipindi fanya ukitaka, lakini dawa zibaki palepale.

Mwalimu anasema mwanangu anazubaa darasani. Nimsajili kwenye mafunzo ya umakini?

Kwanza mlete apimwe. Hapa ndipo ninapoona muda mwingi ukipotea.

Kuna kifafa kisichoangusha mtu. Mtoto anasoma kwa sauti, katikati ya neno ananyamaza. Penseli bado iko mkononi, macho yameganda mbele, kope zinapepesa kidogo, pengine midomo inachezacheza. Ukimwita haitikii. Baada ya sekunde kumi hivi anaendelea kana kwamba hapakutokea kitu, na hakumbuki chochote. Inaweza kumtokea makumi ya mara kwa siku. Mwalimu anasema mvivu, bibi anasema ana mawazo ya mbali, na tangazo kwenye simu linasema ana theta nyingi. Mzazi analipa vipindi thelathini, na miezi inapita mtoto akiendelea kukosa nusu ya kila somo. Akipata mshtuko huo akivuka barabara au akioga mtoni, hatajiokoa.

Kliniki tunamwomba apulize karatasi mbele ya mdomo wake, pumzi nzito mfululizo kwa dakika tatu, visahani vya EEG vikiwa kichwani. Mwenye kifafa hicho mara nyingi ananyamaza palepale, na kwenye skrini yanatokea mawimbi yenye ncha, matatu kila sekunde, kichwa kizima. Kifafa hicho kina dawa yake maalumu, na wengi hutulia nayo. Kumbuka pia kwamba kabamazepini inaweza kukizidisha, kwa hiyo usimpe dawa ya ndugu yake.

Mwenye kuzubaa kwa kawaida ukimgusa bega anageuka. Mwenye mshtuko hageuki. Mrekodi kwa simu mtoto anapofanya hivyo, uje na video.

Akikutwa hana kifafa, ila ana ADHD, yaani kutotulia na kushindwa kuzingatia?

Hapo mafunzo hayana hatari kubwa, lakini usitegemee mengi. Jaribio moja zito la Marekani, lililochapishwa mwaka 2020, lilichukua watoto 144 wa miaka 7 hadi 10 wenye ADHD. Wengine walipewa nyurofidibaki halisi, wengine ya bandia, na si wao wala wazazi waliojua nani amepata ipi. Makundi yote mawili yaliboreka, na ile halisi haikuishinda ile ya bandia. Kukaa na mtu mzima mtulivu, kusifiwa, kuwa na ratiba, kunamsaidia mtoto. Hilo unaweza kulifanya nyumbani na kwa mwalimu, bila kuuza mbuzi.

Mkanda wa kununua mtandaoni je?

Mingi ina visahani vichache, na mtoto akipepesa macho au kuuma meno, misuli hiyo inatoa umeme mwingi kuliko ubongo. Mkanda unakusomea taya ukidhani ni akili. Hautambui kifafa. Usiutumie kuamua lolote kuhusu dawa.

Akianguka nyumbani nifanye nini?

Ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, mlaze ubavu mate yatoke, na angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni. Nasema tena, usimtie kijiko: tunang'oa meno yaliyovunjika na kushona ndimi kwa sababu ya vijiko. Usimnusishe kiberiti wala kitunguu, usimmwagie maji, usimzuie kwa nguvu. Na mshike bila hofu, mate yake hayaambukizi kifafa. Mshtuko ukizidi dakika tano, au ukirudi kabla hajazinduka, au akiumia, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje asubuhi wala zamu ya kipindi kinachofuata.

Nimeshaacha dawa wiki iliyopita. Nifanyeje?

Njoo leo, hata kama hajaanguka. Usimpe dozi mbili kufidia, na usirudie dawa kwa kukisia: nyingine, mfano lamotrijini, zikiachwa siku kadhaa huanzwa upya kwa dozi ndogo, la sivyo zinaweza kuleta upele hatari wa ngozi. Njoo na makopo au pakiti zote, hata zilizoisha, na utuambie tarehe ya dozi ya mwisho. Hatutakugombeza. Akianza mshtuko ukiwa njiani, geukia hospitali iliyo karibu zaidi na uwaambie kwanza kabisa: "Ana kifafa, na dawa zimekatishwa."