Chupa namba 3-47: kuingiza wanyama wa majini katika kanzidata

Sampuli ya kwanza niliyowahi kuiharibu sikuiangusha. Chupa ilikuwa imetulia rafuni hapa Kigoma, konokono wake wamelala chini ya spiriti, na lebo ya penseli ikisomeka vizuri kupitia kioo. Nilichokiharibu ni namba yake. Lebo ilisema 3-47, yaani sampuli ya 47 ya kituo cha tatu, nami nikaichapa vivyo hivyo katika lahajedwali. Programu ikadhani nimeandika tarehe, ikaigeuza kuwa Machi 1947, na kwa kuwa nilikuwa na rafu nzima ya kumaliza kabla ya Ijumaa, sikuinua macho. Kosa lilionekana miezi kadhaa baadaye, mwenzangu alipoitafuta chupa hiyo kwenye kanzidata akaambiwa haipo, ilhali alikuwa ameishika mkononi.

Tangu siku hiyo, kabla sijachapa herufi hata moja, safu zote naziwekea umbo la maandishi matupu. Tarehe naigawa katika safu tatu za mwaka, mwezi na siku, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba 4/5 kwa Mwingereza ni tarehe 4 Mei na kwa Mmarekani ni tarehe 5 Aprili, na lebo haisemi iliandikwa na nani. Ya pili ni kwamba lahajedwali ninayoitumia huanza kuhesabu siku tarehe 1 Januari 1900, kwa hiyo haitambui tarehe yoyote ya kabla ya hapo. Kwa mikusanyo ya Ziwa Tanganyika hilo si jambo dogo, kwani mpelelezi Mwingereza Speke aliokota makombe hapa mwaka 1858, na mwanabiolojia Mwingereza Moore alikuja kwa safari yake ya kwanza ya kisayansi mwaka 1896.

Nilifundishwa kazi hii pwani, kwa makombe na kaa wa baharini, na nilipohamia huku nilidhani nitabeba kanuni zile zile na kubadilisha majina tu. Kanuni moja ilihama nami bila kuguswa, na ndiyo ninayowasisitizia vijana wanaokuja kujifunza: kilichoandikwa kwenye lebo kikae katika safu yake, na tunachokielewa sisi kikae katika safu nyingine. Kiwango cha Darwin Core, yaani mpangilio wa pamoja wa safu za data za viumbe, kilichoidhinishwa mwaka 2009 na ambacho makumbusho nyingi hukitumia kupeleka data zao katika GBIF, mtandao wa kimataifa wa data za viumbe, kina safu maalumu ya mahali kama palivyoandikwa, kosa la tahajia likiwemo, na safu nyingine za mahali kama tunavyopafahamu leo. Wanaoanza huiona safu ile ya kwanza kuwa uchafu unaohitaji kusafishwa. Nimewahi kupokea faili kutoka taasisi moja ambayo ilikuwa imebadilisha kila «Albertville» kuwa Kalemie na kila «Usumbura» kuwa Bujumbura, kwa nia njema kabisa, bila kubakiza maandishi ya awali. Majina yale mapya ni sahihi, lakini jina la zamani ndilo linalosaidia kukadiria lebo iliandikwa enzi gani pale ambapo tarehe imefutika, nao ushahidi huo walikuwa wameutupa.

Mahali ndipo penye kazi nzito kuliko zote. Kigoma ipo takribani nyuzi 4.88 kusini na 29.63 mashariki. Katika kanzidata, kusini huonyeshwa kwa alama ya kutoa mbele ya latitudo, na mchapaji akiisahau alama hiyo ndogo, samaki wa Kigoma huhamia nchi kavu jirani na Maridi, Sudan Kusini. Akibadilishana latitudo na longitudo, samaki huyo huyo anaogelea katika Jangwa la Sahara. Akiacha nafasi wazi na mfumo ukajaza sifuri mbili, anaangukia Ghuba ya Guinea, nje ya Afrika Magharibi. Kosa hili la mwisho ni baya zaidi kwa wenzetu wa baharini: kwetu sisi samaki wa ziwa akionekana baharini kila mtu atashtuka, ila kwao ni mnyama wa bahari aliyepatikana baharini, na hakuna anayeuliza.

Kuna mashaka ambayo hayatokani na mchapaji. Lebo nyingi za kale zinasema «Ujiji» tu. Ujiji wapi? Kwa wasafiri wa karne ya 19, jina hilo liliweza kumaanisha mji, soko lake au pwani yote ya upande huu. Zaidi ya hayo, ufuo wenyewe umehama. Katika miaka ya 1870 maji yalipata njia ya kutokea kwa nguvu kupitia mto Lukuga, upande wa Kongo, ziwa likashuka kwa mita kadhaa, ndiyo maana mnara wa Livingstone pale Ujiji leo uko mbali na maji. Kombe lililookotwa «ufuoni Ujiji» kabla ya hapo lilitoka mahali ambapo sasa huenda pana nyumba na migomba. Kwa hiyo siweki nukta peke yake. Naweka nukta pamoja na nusu kipenyo cha duara la mashaka kwa mita, yaani eneo ambamo mahali pa kweli panaweza kuwa, na kwa lebo yenye neno «Ujiji» bila maelezo mengine huwa naandika mita 10,000. Wapo wanaoniona mwoga. Mimi naona heri duara kubwa la kweli kuliko nukta safi ya uongo.

Kuhusu majina ya kisayansi sitakawia. Kwa wanyama wa bahari kuna WoRMS, rejista ya kimataifa ya majina yao, ambamo kila jina lina namba yake na jina la zamani huelekeza kwenye jipya. Kwa vyovyote vile jina la kwanza halifutwi: konokono ambaye mtaalamu wa makombe Woodward alimpa jina la Lithoglyphus zonatus mwaka 1859 leo anaitwa Spekia zonata, na yote mawili yanaingia. Majina ya Kiswahili nayo yanastahili safu, tena pamoja na jina la mwalo yaliposikika. Sangara wa Kibirizi si sangara wa Mwanza. Wa Mwanza ni Lates niloticus, aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria katikati ya karne iliyopita, na wa kwetu ni ndugu yake wa asili wa ziwa hili. Mgebuka wa Kigoma, kwa upande mwingine, akifika Bujumbura anaitwa mukeke, na ni samaki mmoja.

Safu iliyonifunza kwamba ziwa si bahari ndogo ni ile ya kina. Katika kanzidata ya baharini niliyoizoea, mnyama wa sakafuni aliyepatikana mita 600 hakumshtua mtu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini oksijeni inaishia karibu na mita 100 upande wa kaskazini na kama 200 upande wa kusini, na chini ya hapo konokono haishi. Basi nimeweka kanuni kwamba konokono yeyote wa zaidi ya mita 250 awekewe alama nyekundu. Hafutwi, kwa sababu huenda ni kombe tupu lililoporomoka mteremkoni. Mara nyingine tatizo ni kipimo. Mabaharia wa Kiingereza walipima kina kwa pima, na pima yao ni futi 6, sawa na mita 1.83. Lebo yenye 100 bila kipimo inaweza kuwa mita 100 au mita 183, na hapa Kigoma tofauti hiyo ni ya maji yenye uhai na maji yasiyo nao.

Hao konokono wenyewe ndio waliomfanya Moore aamini kwamba ziwa hili liliwahi kuungana na bahari, kwa jinsi makombe yao yalivyo mazito na yenye miiba kama ya baharini. Nadharia hiyo imekwisha kuachwa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba makombe yalinenepa yakishindana na kaa wa ziwani wenye magando ya kuyavunja, na hoja hiyo imejengwa kwa kupima makombe, makovu ya mavunjiko yao na magando ya kaa. Ndiyo sababu kanzidata yetu ina safu ya unene wa mdomo wa kombe na nyingine ya makovu, ambazo mtu wa hesabu za ghala asingeziona za lazima.

Chupa ya 3-47 imerudi mahali pake. Namba yake imekaa kama maandishi, mwaka uko wazi kwa sababu lebo haikuutaja, na katika safu ya maoni nimeandika kwamba kwa miezi kadhaa sampuli hii ilisomeka Machi 1947, kosa ni la mchapaji, pamoja na herufi za mwanzo za jina langu.