Mpira mrefu wa upepo sio lazima uwe ndio bora

Wengi wenye gereji ndogo nyumbani hapa Tanga wanaamini ukinunua rili ya mpira wa upepo (ile ya kukunjia mpira) chukua ndefu kuliko zote, maana geji ya kompresa ikisoma ba 8 (ba ni kipimo cha presha) basi na huku mwisho zinafika 8 zile zile. Inaeleweka kabisa, ukipima hewa ikiwa imetulia kweli zinalingana. Ila ukibonyeza mashine ya kufungulia nati hewa inaanza kukimbia, inasuguana na kuta za mpira, presha inashuka, na mpira ukiwa mrefu na mwembamba ndo inashuka zaidi.

Jipimie mwenyewe: funga tii (kiungio cha njia tatu) na geji pale mpira unapoingia kwenye mashine, bonyeza, angalia mshale unavyoanguka. Kwa mashine inayokula hewa nyingi mi nashauri tundu la ndani inchi 3/8 kuliko robo inchi, na urefu wa kufika tairi la mbali basi, pima kwa kamba kabla hujaenda dukani. Kujaza upepo tu robo inatosha.

Na hapa kwetu chumvi ya bahari inakula chuma, kwahiyo viungio chukua vya shaba nyeupe.