Kugeuza mashine pepe: kinachogeuzwa ni nini hasa?

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na bodi wala nyaya zake yenyewe. Ni programu inayoigiza kompyuta kamili, yenye kichakata, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, kiasi kwamba Windows au Linux iliyosakinishwa ndani yake hufanya kazi kama ambavyo ingefanya juu ya chuma halisi. Programu inayosimamia uigizaji huo, na kuzigawia mashine pepe nguvu za seva iliyozibeba, huitwa haipavaiza. Ndiyo maana ofisi ya ghorofani pale Posta, Dar es Salaam, yenye seva moja tu ndani ya chumba kidogo chenye kiyoyozi, inaweza kuwa na mfumo wa hesabu, mfumo wa mahudhurio na hifadhi ya mafaili ya wafanyakazi, kila kimoja katika mashine yake, na kimojawapo kikiharibika vingine vikaendelea.

Wazo hili ni la zamani, kwa kuwa IBM ililitumia katika kompyuta zake kubwa tangu miaka ya 1960. Lililoleta tatizo tunalolizungumzia hapa ni wingi wa majukwaa yaliyofuata, yaani haipavaiza za aina mbalimbali. VMware ilianzishwa California mwaka 1998. KVM iliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007. Hyper-V ya Microsoft ikatoka mwaka 2008. Kila jukwaa linaigiza kompyuta ya namna yake na kuhifadhi diski kwa umbizo lake. Kugeuza mashine pepe, au kukonveti kama wasemavyo mafundi, ni kuichukua mashine iliyozaliwa katika jukwaa moja na kuiwezesha kuwaka na kufanya kazi katika jukwaa jingine, ikiwa na programu, data na mipangilio yake ileile. Dhana hii isichanganywe na kuhamisha mashine kutoka seva moja hadi nyingine ndani ya jukwaa lilelile, jambo linaloweza kufanyika hata mashine ikiwa inatumika, kwa sababu huko hakuna kinachogeuzwa.

Suala hili limeongezeka uzito tangu Novemba 2023, Broadcom ilipokamilisha ununuzi wa VMware na kisha kuacha kuuza leseni za kudumu, ikabaki na zile za kulipia kwa kipindi. Ofisi inayokusanya mapato kwa shilingi na kulipia programu kwa dola huyaona mabadiliko ya aina hiyo haraka kuliko nyingine, na swali la kuhamia Hyper-V, au Proxmox inayotumia KVM, huingia kwenye kikao cha bajeti hata kabla fundi hajaulizwa kama linawezekana.

Linawezekana, lakini tuanze na sehemu rahisi ambayo wengi huidhania kuwa ndiyo kazi yote. Kwa haipavaiza, diski ya mashine pepe ni faili. VMware hutumia VMDK, Hyper-V hutumia VHDX, VirtualBox hutumia VDI, na KVM mara nyingi hutumia QCOW2. Programu ya bure iitwayo qemu-img husoma umbizo moja na kuandika jingine kwa amri ya mstari mmoja. Kilichomo hakiguswi: ni kama kuutoa mchele kwenye gunia na kuumimina kwenye pipa. La kuangalia ni ukubwa wa pipa tu, kwa sababu umbizo la zamani la Microsoft, VHD, huishia takriban terabaiti 2, ilhali VHDX hufika 64.

Mtu akiishia hapo, akaiwasha mashine yake ya Windows katika jukwaa jipya, ana nafasi nzuri ya kupokelewa na skrini ya bluu yenye namba 0x7B. Hapa ndipo ulipo moyo wa dhana yenyewe. Mfumo endeshi, yaani Windows au Linux iliyomo ndani, haujui faili la VMDK wala la QCOW2. Unachojua ni vifaa ulivyozoea kuviona. Ulipokuwa VMware uliona kidhibiti cha diski cha VMware, ukawa na kiendeshi chake, yaani programu ndogo ya kuongea na kifaa hicho. Ukiamkia kwenye KVM unaweza kukutana na kidhibiti cha aina ya virtio, yaani vifaa pepe vinavyotumiwa na KVM, ambacho haujawahi kukiona. Ili uisome diski unahitaji kiendeshi, na hata kama kiendeshi hicho kimo kwenye diski ileile, hakikupangwa kuanza mapema wakati wa kuwaka. Ni mkasa wa mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba.

Dawa zipo zaidi ya moja. Fundi mwangalifu husakinisha viendeshi vya virtio wakati mashine ingali kwenye jukwaa la zamani. Aliyechelewa huiambatisha diski kwa kidhibiti cha kawaida cha SATA au IDE, ambacho Windows hukifahamu, akaiwasha, akaongeza diski ndogo tupu ya virtio ili Windows ilazimike kusakinisha kiendeshi, kisha akazima na kuibadilisha ile diski kuu. Njia ya tatu ni kutumia virt-v2v, programu inayoifungua diski mashine ikiwa imezimwa, ikapachika viendeshi vinavyotakiwa na kurekebisha mipangilio ya kuwaka. Linux ni nyepesi zaidi kwa kuwa viendeshi vya virtio vimo katika kiini chake. Hata hivyo, baadhi ya matoleo hutengeneza faili dogo la kuwashia lililobeba viendeshi vya vifaa vilivyokuwepo wakati ule tu, hivyo faili hilo lazima litengenezwe upya kabla ya safari.

Wengine hudhani kwamba kupakia mashine katika umbizo la OVF, au kifurushi chake cha OVA, humaliza haya yote kwa kuwa ni kiwango cha pamoja kilichowekwa na jumuiya ya DMTF. Kiwango hicho ni kizuri, ila kinachoelezwa humo ni mashine inahitaji nini: vichakata vingapi, kumbukumbu kiasi gani, diski zipi. Hakipandikizi kiendeshi hata kimoja.

Jambo jingine ni namna ya kuwaka. Mashine iliyosakinishwa kwa BIOS, programu ya zamani ya kuwashia kompyuta, haitawaka ikiwekwa kwenye mashine mpya iliyopangwa kwa UEFI, mrithi wake, na kinyume chake ni vivyo hivyo. Katika Hyper-V uchaguzi huo umefichwa ndani ya neno kizazi: kizazi cha kwanza ni BIOS, cha pili ni UEFI, na ukishaiunda mashine huwezi kukibadilisha. Nimeshuhudia siku nzima ikipotea kwa kosa hilo moja, na ninakiri kwamba aliyechagua kizazi alikuwa mimi.

Mtandao nao huleta usumbufu wa kimyakimya. Kadi mpya ya kuigizwa huja na anwani mpya ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi, na programu ambayo leseni yake imefungwa kwenye anwani ya zamani itakataa kufunguka, jambo ambalo mhasibu ataligundua kabla ya fundi. Katika Linux jina la kadi huweza kubadilika, kwa mfano kutoka ens192 kuwa ens18, na faili la mipangilio likabaki likiitafuta kadi isiyokuwepo. Windows yenyewe huihifadhi kumbukumbu ya kadi iliyokufa, na ukiiandikia kadi mpya anwani ya IP ileile hukuonya kwamba anwani hiyo ni ya kifaa kingine kisichoonekana.

Kabla ya kuondoka, snapshoti za zamani, yaani hali za diski zilizohifadhiwa siku za nyuma, ziunganishwe na diski kuu, kwa sababu faili kuu pekee, bila vipande vilivyofuata, hubeba hali ya siku nyingi zilizopita. Windows izimwe kikamilifu, si kulazwa, la sivyo virt-v2v itakataa kuiandika diski hiyo. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, ufunguo wa kuifungulia uwe mkononi.

Kisha kuna hesabu ya muda, ambayo hupuuzwa sana. Diski yenye gigabaiti 500 za data, kwenye mtandao wa ndani wa gigabiti 1 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa moja hata mambo yakienda vizuri kabisa. Diski hiyohiyo ikipitishwa kwenye intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, kutoka Kurasini hadi kituo cha data cha upande mwingine wa jiji, ni kama saa 55 mfululizo. Ndiyo sababu watu huiweka kwenye diski ya nje na kupanda nayo bajaji. Sina ugomvi na bajaji. Ila diski yenye mishahara na namba za vitambulisho vya watu inapaswa kusafiri ikiwa imefungwa kwa nywila, na Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayomtaka mwenye taarifa hizo azilinde.

Si kila mashine inastahili kugeuzwa. Seva inayosimamia majina na nywila za watumiaji katika mtandao wa Windows ni bora isakinishwe mpya upande wa pili, iachwe ivute data kutoka kwa mwenzake, kisha ya zamani istaafishwe. Kugeuza kunafaa pale ambapo programu ni ya zamani, aliyeisakinisha hayupo tena, na hakuna anayejua ilivyopangwa. Mashine ya asili nayo isifutwe mapema. Izimwe na kutolewa kwenye mtandao, kwa kuwa mashine mbili zenye jina na anwani moja zikiwaka pamoja hugombana, na ibaki hivyo mpaka mhasibu afunge hesabu za mwezi mzima katika mashine mpya.