Kifungua mimba kwa Wayahudi: yanayosemwa mtaani na yaliyopo kwenye sheria

Ikianza tu mada ya Esau, yule aliyemuuzia mdogo wake Yakobo haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu, lazima atokee mtu aseme kwa Wayahudi mtoto wa kwanza anabeba mali yote, wadogo zake wanabaki kutazama. Hapana jamani. Kumbukumbu la Torati 21:17 inampa sehemu mbili, basi, na sehemu mbili siyo lazima iwe nusu wala theluthi mbili, inategemea wana wako wangapi. Wana wakiwa 5 mali inakatwa mafungu 6, yeye anachukua 2 wenzake moja moja. Na ni mali ya baba tu, ya mama wanagawana sawa. Baba akiacha madeni? Talmudi, ule mkusanyo wa mijadala ya sheria ya marabi, inasema analipa mafungu mawili ya deni pia, labda akatae lile fungu la ziada.

Linalochanganya wengi zaidi ni kudhani mzaliwa wa kwanza ni mmoja tu. Wako wawili! Kuna wa baba, huyu ndo wa urithi, na kuna wa mama, yule "afunguaye tumbo" wa Kutoka 13, huyu anakombolewa, yaani baba anamlipia kuhani shekeli 5 za fedha, akishamaliza siku 30. Sasa chukua mwanaume hajawahi kuzaa, kaoa mjane mwenye watoto, wakapata mvulana: huyo mtoto anarithi mara mbili ila hakombolewi, maana tumbo lilishafunguliwa zamani. Geuza, baba ana wana tayari kaoa binti ambaye hajazaa, mvulana wao wa kwanza anakombolewa ila kwenye urithi yuko sawa na wenzake. Aliyezaliwa kwa upasuaji ndo kakosa vyote, Mishna, zile sheria za marabi ambazo Talmudi inazijadili, inamtoa huku na huku, (hapo hata mimi namwonea huruma). Na baba akiwa kuhani au Mlawi, au mama akiwa binti wa kuhani au Mlawi, hakuna ukombozi.

Eti baba anaweza kumhamishia haki ya mafungu mawili mtoto wa mke anayempenda? Torati imekataza hiyo waziwazi. Ila akigawa mali kama zawadi akiwa hai, inapita.

Halafu Esau. Watu wanasema aliuza baraka, wakati baraka iko Mwanzo 27 na dengu ziko sura ya 25, na Esau mwenyewe analalamika kanyang'anywa mara mbili, kwanza haki ya mzaliwa wa kwanza, kisha baraka. Aliuza nini basi? Wafafanuzi wa Torati wa Kiyahudi wa zamani hawakubaliani: Rashi anasema ni kazi ya kutoa sadaka, maana enzi hizo ilikuwa ya wazaliwa wa kwanza. Ibn Ezra anasema ni fungu la mali, na Esau alilidharau kwa vile Isaka alishakuwa maskini. Mwenzao Ramban akamjia juu Ibn Ezra kwelikweli: Abrahamu kamwachia Isaka utajiri wote ule, Wafilisti mpaka wanamwonea wivu, umaskini umetokea wapi? Mi hapo niko na Ramban.