Ziwa Victoria: mazalia ya samaki, tuanzie wapi kuyaokoa?

Dhana: Tuanze palipoharibika zaidi.

Linasikika kuwa jambo la haki. Lakini ghuba iliyokwisha jaa tope na mwani haiponi haraka: fosforasi iliyotuama chini huendelea kupanda juu hata uchafu mpya ukizuiwa. Nguvu hizohizo zikilinda mafunjo yaliyobaki, huokoa samaki wengi zaidi. Ndani ya mafunjo oksijeni ni kidogo. Sangara hapawezi, ila kamongo na baadhi ya furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, hujibanza humo salama. Ziwa dogo la Kanyaboli, kwenye kinamasi cha Yala nchini Kenya, bado lina ngege, jamii ya perege wa asili, wakati ziwa kuu limewapoteza karibu wote. Na kinamasi hichohicho kimekuwa kikimegwa kwa kilimo tangu miaka ya 1960! Mimi ningeanzia hapo.

Dhana: Adui ni sangara tu.

Aliingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, akashamiri miaka ya 1980, na furu wengi wakaishia tumboni mwake. Hilo halina ubishi. Ila jike wa furu wa miambani humtambua dume wake kwa rangi. Maji yakiwa machafu rangi hazionekani, spishi huanza kuchanganyika, na sangara hana mkono hapo.

Dhana: Gugu maji likiisha, kazi imekwisha.

Fukusi, wadudu wanaolila gugu hilo, walilipunguza sana mwishoni mwa miaka ya 1990. Likarudi, kwa sababu rutuba inayolilisha bado inamiminika.

Dhana: Tumwage vifaranga, samaki watajaa.

Kifaranga asiye na pa kujificha ni kitoweo cha sangara.

Dhana: Ziwa huponywa ndani ya ziwa tu.

Ningu, samaki wa asili wa ziwa hili, hupanda mito kwenda kutaga mvua zikianza. Wavuvi wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana nyavu za makila hutegwa mlangoni mwa mto majira hayohayo, na ningu hunaswa na mayai yao. Kufunga milango ya mito kwa uvuvi wakati wa mvua hakuhitaji tingatinga wala mradi mkubwa, kunahitaji doria tu. Tope nalo hutoka mbali. Tanzania, Uganda na Kenya ndizo zenye mwambao, lakini Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani, hukusanya maji yake mengi Rwanda na Burundi. Orodha ya vipaumbele inayoandikwa na nchi tatu peke yake imeshaviacha vyanzo vya mto huo nje.