Hataza za Marekani baada ya mageuzi: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Kila mazungumzo yakigusa hataza za Marekani (wengine wanaita patenti, ni kitu kile kile, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake) nasikia mambo yale yale, na yananiuma manake mtu akiamini hata moja tu anaweza kupoteza kazi ya miaka.

Dhana: Siku hizi anayewahi ofisini ndo mshindi, hata kama kaiba wazo la mwenzake

Hii ndo imepotoshwa kuliko zote. Sheria yenyewe inaitwa America Invents Act, Obama aliisaini Septemba 16, 2011, na kipengele cha kuwahi kikaanza Machi 16, 2013. Kabla ya hapo walikuwa wanaangalia nani alivumbua mwanzo, watu wakigombana yanatolewa madaftari ya maabara yenye tarehe na sahihi za mashahidi, na shauri linaburuzwa miaka. Sasa wanaangalia nani kawasilisha ombi mwanzo, ni kweli, lakini lazima awe mvumbuzi mwenyewe. Aliyechukua wazo kwako hana haki hata akikutangulia, na pale USPTO, yaani ofisi yao ya hataza, kuna shauri maalum la kumuumbua, ila lina muda wake na mzigo wa kuthibitisha ni wako, kwa hiyo usifute zile barua pepe.

Alafu kuna ule mwaka mmoja wa neema ambao watu wanausahau kabisa. Tuseme umebuni bawaba ya mlango ukaipeleka kwenye maonyesho Machi 10, 2024. Una mpaka Machi 10, 2025 uwe umewasilisha ombi Marekani, ukichelewa hata siku moja basi bawaba yako mwenyewe ndo inageuka ushahidi wa kukunyima hataza. Na Ulaya neema ya namna hiyo hawana, ukishaonyesha hadharani kwa kawaida umeshajiharibia. Mimi nasema peleka ombi la muda kwanza (ombi la awali, wanaliita provisional), linakupa miezi 12 ya kujipanga, ndo uende kwenye maonyesho.

Dhana: Ukishapewa hataza, hakuna wa kukugusa

Hapa ndo moto ulipo, na mapendekezo mengi mapya yanazunguka hapa hapa. Tangu Septemba 16, 2012 mtu yeyote asiye mwenye hataza anaweza kuomba ipitiwe upya mbele ya jopo la PTAB, yaani bodi ya mashauri ya hataza, wanakaa majaji watatu wa USPTO, sio mahakama ya kawaida. Hoja zake ni mbili tu, kwamba uvumbuzi haukuwa mpya au ulikuwa wa wazi mno, na ushahidi wake ni hataza za zamani na maandiko yaliyokwisha kuchapishwa. Wakikubali kusikiliza, uamuzi unatakiwa ndani ya mwaka, wanaweza kuongeza miezi sita wakiwa na sababu ya msingi. Kinachowauma wavumbuzi ni kwamba mahakamani anayetaka kuiua hataza yako lazima alete ushahidi mzito ulio wazi kabisa, ila PTAB inatosha mizani ielemee upande wake kidogo. Watu wakalalamika kwamba hataza ni mali, haiwezi kunyang'anywa na ofisi, kesi ya Oil States ikafika Mahakama ya Juu na mwaka 2018 majaji 7 kwa 2 wakasema inaruhusiwa.

Muswada wa PREVAIL unataka kupandisha kiwango hicho cha ushahidi na kuzuia kila mtu asijipelekee tu ombi, na Oktoba 2025 USPTO wenyewe wakatoa mapendekezo ya kanuni za kuyabana maombi haya. Mimi naunga mkono kiwango kupanda, lakini mlango usifungwe kabisa, manake hataza mbovu zipo na anayeshtakiwa kwa hataza mbovu naye anaumia.

Dhana: Programu za kompyuta hazipewi hataza tena

Zinapewa. Kesi ya Alice ya 2014 ilisema kuchukua wazo la kawaida na kuliendesha kwa kompyuta tu hakutoshi, lazima kuwe na kitu cha ziada. Shida ni kwamba "kitu cha ziada" hakina mpaka unaoeleweka, na upande wa vipimo vya magonjwa ni hivyo hivyo tangu kesi iitwayo Mayo ya mwaka 2012. Muswada unaoitwa PERA, wa maseneta Tillis na Coons, unataka kufuta vizuizi hivyo vilivyotungwa na mahakama na kuweka orodha fupi ndani ya sheria.

Dhana: Muswada ukitangazwa, sheria imebadilika

Hapana jamani. Innovation Act ilipita Baraza la Wawakilishi Desemba 2013 kwa kura 325 dhidi ya 91, Seneti wakaiweka kando mwaka uliofuata ikafia hapo. Usipange biashara kwa kitu ambacho rais hajasaini.

Dhana: Ni mambo ya matajiri tu

Mawakili ni ghali, sikatai. Lakini mvumbuzi mdogo anayetimiza masharti ya kipato anapunguziwa asilimia 80 ya ada nyingi za USPTO tangu mwisho wa 2022, zamani ilikuwa 75. Ada za kuitunza hataza zinadaiwa mwaka wa 3 na nusu, wa 7 na nusu, na wa 11 na nusu, kuna miezi sita ya ziada ukilipa faini, na ukipitisha hiyo hataza inakufa hata kama haijawahi kupingwa na mtu.